Kazi za Mikono za Darasa la Pili

Mwalimu Vivian Chepchumba hakuwa mtu wa hasira. Waulize majirani zake, waulize waliosoma naye chuo cha ualimu, hata mama mkwe wake kule Bokoli, ambaye si mwepesi wa kusifu, atakwambia binti huyu wa Mlima Elgon ana moyo wa kuvumilia. Lakini mtajie ufagio. Mtajie ufagio mpya ulioletwa shuleni na mtoto wa darasa la pili, nyasi zimelingana ncha zote, zimekazwa kwa mpira wa baiskeli na mkono wenye nguvu za mtu mzima, halafu ukae pembeni uone uso wake unavyobadilika.

Hasira hiyo ilianzia Kanduyi, alipopata kazi yake ya kwanza. Kwenye ratiba somo la sanaa lilikuwepo, limeandikwa vizuri kwa kalamu ya wino, vipindi viwili kila wiki. Kitabu cha mwalimu kilisema watoto wa madarasa ya chini wachore, wapake rangi, wafinyange udongo, wasuke, wakate karatasi na kubandika. Alichokikuta Vivian ni kitu kingine. Siku moja kabla ya kipindi, mwalimu anaandika ubaoni: "Kesho kila mtu aje na ufagio." Kesho yake fagio zinafika, zinarundikwa ofisini, na jioni kila mwalimu anaondoka na yake kwapani. Muhula wa kwanza fagio, wa pili miiko ya kusongea ugali, wa tatu kamba. Katika mtaa ule hakukuwa na nyumba ya mwalimu iliyowahi kununua ufagio.

Vivian alimuuliza mwalimu mmoja mkongwe, "Sasa hapo watoto wanajifunza nini?"

"Wanajifunza kutii," akajibiwa. "Wewe unataka ufagio ama hutaki?"

Akauchukua. Alikuwa mgeni, na mgeni hafiki tu akaanza kuwapangia wenyeji vyungu vyao. Lakini kila alipofagia nao nyumba yake alijiona mwizi, maana alijua kwamba mahali fulani kuna nyanya mwenye mgongo mbovu aliyeamka alfajiri kukata zile nyasi, na mjukuu wake akapewa alama tisa juu ya kumi kwa kuubeba tu. Akajiapiza kwamba siku atakayopewa darasa lake mwenyewe, mtoto atatengeneza kitu kwa vidole vyake, hata kikitoka kibaya namna gani.

Siku hiyo ilifika Kitale, mwaka wa pili wa elimu ya bure. Mumewe, Wabwile, alibaki Kanduyi na kibanda chake cha kutengeneza redio, na Vivian akahamia shule moja ya mjini, si mbali na msikiti, akapewa darasa la pili. Darasa gani! Dawati la watoto watatu lilikaliwa na watoto sita. Wengine walikaa sakafuni, wengine dirishani. Kulikuwa na watoto wa wafanyabiashara wa mjini, watoto wa waendesha bodaboda, na watoto wa wakulima waliokuja kupanga vyumba mjini kutoka vijiji vya Kwanza na kwingineko. Ukisema "nyosha mkono", mikono ilikuwa mingi kuliko hewa.

Vivian hakukata tamaa. Alianza na mwiko, kwa sababu ndio uliokuwa kwenye mpango wa muhula. Akasimama mbele ya darasa akasema polepole, kama mtu anayesoma mkataba: "Sikilizeni. Si baba. Si mama. Si kaka. Ni wewe. Tafuta kijiti, kikwangue na kipande cha chupa, au kwa jiwe, uniletee. Hata kikiwa kibaya nitakipenda. Tumeelewana?"

"Ndio Mwalimuuu!"

Jumatatu miiko ikaja. Yote ilikuwa ya urefu mmoja. Yote ilikuwa imepigwa msasa mpaka inateleza, na kila mmoja ulikuwa na kitundu mwishoni mwa mpini cha kutundikia msumarini.

"Kipyegon," akasema Vivian, akimwita kijana mnene wa dawati la mbele. "Huu mwiko umeuchonga wewe?"

"Ndio, Mwalimu."

"Na nini?"

"Na panga."

"Na hiki kitundu?"

Kipyegon akakitazama kile kitundu kama ndiyo mara ya kwanza kukutana nacho. "Na panga," akasema.

Vivian hakuhitaji kufanya upelelezi mkubwa. Nyuma ya soko kulikuwa na fundi seremala, Thuo, mtu wa maneno mengi na penseli sikioni. Jioni hiyo alipita kwake, akakuta miiko mingine imeanikwa juani, kwa wale watoto waliochelewa. Thuo alipomwona akafurahi kweli kweli, akafuta stuli kwa aproni yake.

"Mwalimu! Karibu, karibu. Nilikuwa nataka hata nikutafute. Si uniambie wiki ijayo ni nini? Maanake nisije nikachonga miiko na wewe umeruka kwa kitu ingine. Mwaka jana huyo mwalimu mwingine alinifanyia hivyo, bana, nikabaki na mzigo."

"Thuo, hizi kazi zinatakiwa kufanywa na watoto!"

"Ati watoto?" Thuo akacheka kwa roho safi. "Watoto wa darasa la pili wachonge mwiko? Si watajikata vidole? Mimi nasaidia tu, Mwalimu. Mzazi akikuja hapa na haraka, nimfukuze?"

"Na si ungechonga hata vibaya kidogo, nidanganyike?" Vivian akasema kwa kebehi, akageuka akaenda zake, mishipa ya shingo imemsimama.

Hapo ndipo alipokosea. Kebehi ni sarafu isiyotumika katika kila soko. Wiki iliyofuata aliwaagiza tena, safari hii kijiko cha mti, akaweka na vitisho. Vijiko vikaja vimepinda. Vivian moyo ukamruka kwa furaha, akakichukua kimoja, akakigeuza, akachukua cha pili, cha tatu. Vyote vilikuwa vimepinda upande mmoja, pembe ile ile, na kwenye kila mpini kulikuwa na mkwaruzo mmoja mdogo uliowekwa kwa ustadi mahali pale pale. Thuo alikuwa amesikiliza mteja wake.

Siku hiyo Vivian alikaa kwenye kiti akacheka peke yake mbele ya darasa zima, na watoto wakacheka naye bila kujua kwa nini. Kisha kicheko kikamwishia, akabaki na hasira tupu. Alitaka kulia. Ukimfokea mtoto, si yeye aliyenunua. Ukimfokea mzazi, atakwambia anamsaidia mwanawe. Ukimfokea Thuo, atakuuliza wiki ijayo ni nini.

Jumamosi alipokwenda Kanduyi alimweleza Wabwile yote, tangu kitundu cha Kipyegon hadi vijiko vya kupinda, akizunguka ndani ya kile kibanda huku mumewe ameinamia redio iliyofumuliwa matumbo.

"Vivian, si uache tu hiyo maneno," Wabwile akasema kwa lafudhi yake ya Bokoli, bila kuinua kichwa. "Mimi natengeneza redio hapa kira siku. Hakuna mtu ananiuriza nani aritengeneza. Wanauriza kama inaongea."

"Mtoto si redio, Wabwile."

"Sijasema ni redio. Nasema utajiumiza moyo bure. Na mama anauriza, ati warimu wengine wanaretea wazazi miiko, wewe mbona huji na kitu?"

Vivian akachukua mkoba wake akaenda kukaa nje. Kuna siku unaolewa na mtu mwema na bado unatamani kumpiga na redio yake.

Basi ndivyo mambo yalivyokuwa, na pengine yangebaki hivyo, kama si mwalimu mkuu. Bwana Gachanja alikuwa mtu wa alama. Aliamka na wastani wa darasa la nane, akalala nao. Muhula wa tatu ulipoanza akamwita Vivian ofisini, akaweka kidole juu ya ratiba, penye vile vipindi viwili vya sanaa.

"Mwalimu Chepchumba, hii kitu haitahiniwi."

"Najua, sir."

"Hesabu inatahiniwa. Msingi wa hesabu ni wapi? Ni darasa la pili. Sasa mimi naona tunapoteza vipindi viwili kila wiki kwa kuchezea matope." Alikohoa. "Lakini sitaki uniambie nimekuonea. Siku ya Wazazi inakuja, na afisa wa elimu atakuwa mgeni wetu. Utapewa meza. Hiyo meza ikipendeza, vipindi vyako vibaki. Isipopendeza, Jumatatu yake ni hesabu. Sawa?"

Ilikuwa sawa. Ingekuwaje si sawa? Vivian alitoka pale akijua kwamba amepewa nafasi moja tu, na kwamba nafasi hiyo imeshikwa na mikono ya watoto ambao hawajawahi kuachiwa kutengeneza hata kamba ya kiatu.

Akaamua kusuka. Thuo ni fundi wa mbao, kusuka hakujui. Tena katika Trans-Nzoia nzima, nchi ya mahindi, ukikosa kila kitu, maganda ya mahindi hutakosa. Vivian alizungukia wachemshaji wa mahindi pale stendi, akajaza gunia, akalibeba mwenyewe hadi shuleni. Akawagawia watoto, kila mmoja fungu lake, akawafundisha kulainisha maganda kwa maji, kuyachana nyuzi, kusuka kama nywele, kisha kuzungusha ule msuko na kuushona uwe kitako cha kikapu kidogo.

Ulikuwa msiba. Watoto sita kwenye dawati moja hawana mahali pa kuweka viwiko. Wa kushoto akivuta uzi, wa kulia anapigwa kwenye jicho. Maji yalimwagika kwenye vitabu. Mmoja alimsuka mwenzake nywele kwa maganda, mwingine akala. Kipyegon akasuka kamba ndefu nzuri sana, Vivian akaanza kumsifu, kumbe alikuwa amemfunga jirani yake mguu kwenye dawati. Kipindi kikaisha, cha pili kikaisha, na sakafu nzima ikawa kama zizi. Mwishowe Vivian, nywele zimemsimama, akasema maneno ambayo alijua hayafai hata yanapomtoka: "Kamalizieni nyumbani."

Wakamalizia. Mjini kuna soko, na sokoni kuna akina mama wanaosuka vikapu tangu kabla Vivian hajazaliwa. Vikapu vikaja vya ukindu, vya mkonge, vya rangi ya zambarau. Mtoto mmoja alileta kikapu kikubwa cha kubebea mahindi, akakiweka chini akaingia ndani yake akakaa, akatulia kama kuku anayeatamia. Hakuna hata kimoja kilichokuwa na ganda la mahindi. Vivian alivipokea kimoja baada ya kingine. Alikuwa amechoka kuuliza.

Isipokuwa kimoja. Nimo, msichana mwembamba wa dawati la nyuma aliyekuwa haongei mpaka aulizwe, alikuja wa mwisho na kitu amekifunga kwenye mtandio wake. Akakifungua. Kilikuwa kikapu, kama ukiambiwa. Kilikuwa cha maganda yale yale ya stendi, Vivian aliyatambua, na pale yalipopungua mtoto alikuwa ameingiza vipande vya vitambaa, kijani, dhahabu, na kimoja chenye maua. Kitako hakikukaa sawa, kwa hiyo kikapu kizima kiliegemea upande kikitetema. Mpini ulikuwa mkubwa kuliko kikapu chenyewe. Uzi mweusi ulikuwa umepita hapa, ukarudi, ukapita tena, ukafungwa fundo kubwa kama harage.

"Nani amekusaidia?" Vivian akauliza kwa mazoea.

"Hakuna mtu."

Mama yake, Fadumo, aliyekuwa na duka la vitambaa karibu na msikiti, alithibitisha mwenyewe jioni alipokuja kumchukua binti yake. "Mwalimu, huyu mtoto amenimalizia sindano," akasema. "Ya kwanza amevunja, ya pili amevunja. Nikamwambia, leta nikushonee, inatoka haraka. Akalia! Ati mwalimu amesema ni yeye mwenyewe. Haya, kaa nayo basi. Alikaa nayo mpaka chakula kikapoa."

Vivian alimshika Nimo kichwani. Katika miaka yake yote ya kazi, hicho ndicho kitu cha kwanza kilichotoka mikononi mwa mtoto kuja mikononi mwake. Akamwambia, "Nimo, umefanya kazi nzuri sana." Na alimaanisha.

Siku ya Wazazi ikafika. Asubuhi hema zilisimamishwa uwanjani, viti vikapangwa, na meza ya darasa la pili ikatandikwa kitambaa cheupe. Vivian alipanga vikapu vya soko, miiko ya Thuo, vijiko vya kupinda, na katikati kabisa, mahali pa heshima, akaweka kikapu cha Nimo. Ukivitazama vyote pamoja, kwa kweli, kile cha katikati kilionekana kama ajali.

Bwana Gachanja alikuja kukagua, tai imembana shingo. Akatikisa kichwa kwa kuridhika, akapita upande huu, akapita upande ule. Alipofika katikati akakisukuma kikapu kwa ncha ya kalamu.

"Hii ni nini?"

"Ni kikapu, sir. Ametengeneza mwanafunzi."

"Na hizi zingine?"

Vivian akaanza kunyoosha kitambaa cha meza.

"Mwalimu, nakuonea huruma," Gachanja akasema, na sauti yake kweli ilikuwa ya huruma. "Mgeni ataona hii, ataona nini? Atasema mwaka mzima wamefundishwa hii. Toa. Meza ni nzuri. Unataka vipindi ama hutaki?"

Swali lilikuwa lile lile la Kanduyi, limevaa tai. Vivian alisimama pale na hasira hadi masikioni. Akafikiria vipindi viwili kila wiki, miaka inayokuja, watoto wanaokuja. Akafikiria hesabu kuanzia Jumatatu, na hakuna tena atakayeshika ganda wala udongo. Kikapu kimoja upande huu, somo zima upande ule. Nimo ni mtoto, akajiambia, nitamweleza baadaye ataelewa. Akakichukua kikapu kwa mikono yake miwili, akaingia nacho ofisini, akakiweka kabatini, akafunga mlango.

Hakuna aliyemlazimisha. Hilo alilijua pale pale akiwa bado ameshika kile kitasa.

Mkutano ukaanza. Kwaya iliimba, mashairi yakasomwa, na Bwana Gachanja akamwongoza afisa wa elimu, mtu mzima wa kitambi na miwani, hadi kwenye meza ya darasa la pili, kipaza sauti mkononi.

"Mheshimiwa, wazazi, wahenga walisema ukiona vyaelea, vimeundwa," akanguruma. "Hizi zote unazoziona zimeundwa na watoto wetu wa darasa la pili, kwa mikono yao wenyewe!"

Wazazi wakapiga makofi. Walipiga kwa bidii, kila mmoja akitazama kile alichonunua yeye. Nyuma, karibu na lango, Thuo naye alikuwa amesimama na penseli yake sikioni, anapiga makofi kuliko wote.

Afisa akavutiwa. Akainua mwiko mmoja, akauzungusha, akaita mtoto aliyekuwa karibu. Kati ya watoto wote wa shule ile, karibu alikuwa Kipyegon.

"Kijana, wewe ndiye umetengeneza hii?"

Kipyegon akamtazama Mwalimu Vivian. Akamtazama baba yake. Kipaza sauti kilikuwa kimemkaribia mdomoni, na mtoto huyo hakuwa amewahi kusikia sauti yake kubwa hivyo. "Hapana," akasema, na uwanja mzima ukasikia. "Baba alinunua kwa Thuo."

Kicheko kilichotoka pale kiliyumbisha hema. Baba yake Kipyegon alijikunyata akawa mdogo kuliko mwanawe. Watoto wengine, walipoona kusema ukweli kunachekesha watu, wakaanza kupaza sauti bila kuulizwa: "Na yangu! Mama alinunua soko!" "Yangu ni ya cucu, mama ya baba!" "Mimi sijui ilitoka wapi!" Afisa wa elimu alivua miwani akafuta machozi ya kucheka. "Msiwacheke wazazi hawa," akasema. "Hata mimi wa kijana wangu nilichonga mimi. Tena nikapata alama tano." Gachanja alikuwa anatabasamu kwa meno, macho yake yakimtafuta Vivian.

"Sasa niambieni," afisa akasema. "Darasa zima, hakuna hata mmoja ambaye alitengeneza mwenyewe?"

Nyuma kabisa, Nimo akasimama. Hakusogea mbele. Alisema kwa sauti yake ndogo, lakini kila mtu alikuwa amenyamaza, na hiyo ilitosha.

"Mimi nilitengeneza yangu. Lakini haiko hapo. Nimeangalia yote."

"Iko wapi?"

"Sijui. Nilimpatia Mwalimu."

Macho yote yakageuka. Vivian alitamani ardhi ipasuke. Angeweza kusema kimepotea. Angeweza kusema amekisahau nyumbani, na wangemwamini, kwa maana alikuwa mtu wa kuaminika. Badala yake akasema, "Kiko kabatini. Nilikificha mimi," akatoka mbele ya wazazi wote, akaenda ofisini.

Mtu alikuwa ametia maboksi ya chaki kabatini asubuhi ile, moja juu ya kikapu. Mpini ulikuwa umekatika. Kitako, ambacho hakikuwahi kukaa sawa, sasa kilikuwa kimelala kabisa. Vivian akakitoa, akakinyoosha alivyoweza, akavuka nacho uwanja mpana ule hatua kwa hatua, na hakuna aliyecheka tena. Akakiweka juu ya meza.

Afisa alikitazama pande zote. Akatoa funguo zake mfukoni, akazitia ndani, akakiinua. Hakikuanguka kitu.

"Kinabeba," akasema. Kisha akamgeukia Gachanja. "Bwana Mkuu, hili somo libaki. Na lifanyike darasani, si sokoni. Nitakuja kuangalia mwenyewe."

Makofi yakalipuka. Gachanja alipiga makofi kwa nguvu kana kwamba wazo lilikuwa lake. Vivian alikuwa ameshinda. Akamtafuta Nimo kwa macho. Nimo hakuwa anapiga makofi. Alikuwa anautazama mpini uliokatika, mikono yake imelala ubavuni.

Fadumo alikuja mezani mkutano ulipokwisha, akakichukua kikapu cha binti yake, akakifunga katika kanga. Hakugomba. Vivian angefurahi kama angegomba.

"Mwalimu," akasema tu, "si ni wewe ulimwambia atengeneze mwenyewe?"

Vivian akaanza kueleza habari za vipindi, za hesabu, za mwalimu mkuu. Aliyasikia maneno yake yanavyotoka, yote ya kweli, na hakuna hata moja lililofaa kitu. Fadumo alimsikiliza kwa adabu mpaka mwisho, akamuaga vizuri, akamshika mtoto mkono wakaondoka.

Jumatatu ratiba ilikuwa vile vile, vipindi viwili, na neno sanaa. Wiki hiyo walifinyanga udongo, nje, chini ya ukuta, ambako viwiko vina nafasi. Ilikuwa fujo ile ile ya siku zote. Kipyegon alifinyanga ng'ombe mwenye miguu mitano, akaapa kwamba amemwona. Mmoja alikuwa na udongo puani. Wengine walikuwa wanagombania maji, na sketi ya Vivian ilikuwa na alama za mikono kila upande. Alifoka, akatishia, akafoka tena, na ndani ya kufoka huko alikuwa na furaha ambayo hakuwahi kuipata Kanduyi, kwa sababu kila kitu kibaya kilichokuwa pale chini kilikuwa kimetengenezwa na aliyekishika.

Nimo alikuwa amekaa mwisho wa mstari. Bonge lake la udongo lilikuwa mbele yake, halijaguswa, na mikono yake ilikuwa safi.

Vivian akachuchumaa karibu naye. "Nimo, mbona hufinyangi? Tengeneza chochote unachotaka. Safari hii kitakaa mezani, nakuahidi."

Mtoto akamtazama bila kinyongo, kwa heshima zote alizofunzwa nyumbani.

"Hapana, Mwalimu," akasema. "Mama atanunua."